Unyevu wa chumba cha kasuku, kiangazi cha baridi na masika, Mbeya na Iringa

Kuanzia Juni hadi Agosti, mfugaji wa Mbeya, Iringa au Makambako hupambana na baridi akasahau ukavu. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 8, hata ikiwa imejaa unyevu, ukiipasha hadi nyuzi 22 hubaki na unyevu wa asilimia 41 hivi. Ikiingia tayari imekauka, hita inaweza kuushusha chini ya 30. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati: hewa ikiwa kavu hivyo, ngozi hutoa magamba, manyoya hukatika ncha, naye hujikuna bila kukoma. Lenga unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Kasuku wadogo wa shingo ya njano, wanaoonekana hata Ruaha, ni wa nyika kavu, 40 inawatosha.

Nunua kipima unyevu cha kidijitali, ila kijaribu kwanza. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji machache iwe tope zito bila kuyeyuka yote, kisha kifungie pamoja na kipima ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana kwa saa 8 hadi 12. Kisome 75. Kikisoma 70, kila mara ongeza 5. Kitundike usawa wa kijiti anachokalia ndege, mbali na dirisha.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kasuku, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi. Gesi yake haina harufu, na mapafu ya ndege huwahi kuathirika kabla yako. Sufuria zisizoshika chakula nazo zibaki jikoni, mlango umefungwa: zikiungua, mvuke wake huua kasuku kwa dakika chache.

Kuongeza unyevu, anika taulo nzito iliyoloweshwa na kukamuliwa kidogo, mita moja kutoka kwenye tundu. Iloweshe tena ikikauka, ifue kila siku mbili isije ikaota ukungu. Beseni la maji tu husaidia kidogo sana, kwa kuwa eneo linalotoa mvuke ni dogo.

Mara 3 kwa wiki mnyunyizie maji ya uvuguvugu, saa 4 hadi saa 6 mchana. Elekeza chupa juu ya kichwa chake ili matone yamshukie kama manyunyu. Ukimlenga usoni ataiogopa chupa hiyo siku zote. Chupa iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya mbu au ya nywele haisafishiki vya kutosha. Awe amekauka kabla ya saa 10 jioni.

Masika mambo hugeuka, na Tukuyu zaidi. Unyevu ukikaa juu ya 70, adui ni ukungu, ambao mbegu zake huota kwenye mapafu. Fungua madirisha mchana mvua ikikatika, bila upepo kumpiga ndege. Badilisha gazeti la chini ya tundu kila siku, na matunda yaondoe yakishakaa kwa muda wa saa mbili. Alizeti na karanga nunua za kutosha wiki moja tu, zitunze kwenye ndoo yenye mfuniko. Zenye harufu ya uvundo tupa zote, kwani kuziosha hakuondoi sumu ya ukungu. Mkia ukipandashuka anapopumua akiwa ametulia, au sauti ikibadilika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.