Seva ya ofisi imegoma kuwaka baada ya kuguswa mtandao: namna ya kuomba itengenezwe

Kabla hujaandika barua ya kuomba fundi, kaa mbele ya mashine ukiangalia saa. Kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine za ofisi) inayotumia mfumo wa Ubuntu, ukibadilisha ruta au anwani ya IP, yaani namba ya mashine kwenye mtandao, kisha ukazima na kuwasha, kioo huweza kubaki cheusi, na mstari mmoja tu unaosema mashine inangoja mtandao. Kwa kawaida hungoja dakika 2. Matoleo ya zamani huweza kufika 5. Wengi huchomoa umeme dakika ya kwanza, wakarudia mara tatu, wakasema imekufa. Haijafa.

Hapa Lamu haraka hiyo ina gharama. Nimeona kompyuta ikibebwa kwa punda kutoka Langoni hadi gatini, ikavushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, ikarudi inawaka vizuri lakini imefutwa yote: daftari la wanafunzi la miaka 4 halimo. Kilichohitajika kilikuwa mstari mmoja wa mipangilio.

Kwa hiyo ombi lako liende na ushahidi. Piga picha ya kioo, maneno ya mwisho yasomeke. Andika nani alibadilisha nini, siku gani, anwani ya zamani na mpya. Tazama waya wa mtandao pia. Hewa ya chumvi hula vichwa vyake, na kama kitaa cha kwenye tundu hakiwaki, kitaje. Kisha weka sentensi hii, nami naithamini kuliko zote: "Naomba mafaili yasifutwe kabla hayajanakiliwa." Mpelekee mkuu wa ofisi atie sahihi, ubaki na nakala.

Ukiruhusiwa kujaribu mwenyewe, washa huku umeshikilia Shift. Kwa mashine mpya gusa Esc. Kwenye menyu ingia chaguo za ziada, halafu hali ya uokoaji (recovery mode), halafu root, mahali pa kuandika amri ukiwa na mamlaka yote. Andika mount -o remount,rw / maana bila hiyo hakuna kitakachohifadhika.

Mipangilio ya mtandao imo kwenye folda ya /etc/netplan. Nakili faili lake kwanza, na nakala uiweke kwingine, kwa sababu kila faili linaloishia na .yaml humo husomwa. Lifungue kwa nano, programu ya kuhariri maandishi. Makosa mengi yako mwanzoni mwa mistari: nafasi zipigwe kwa kitufe cha nafasi, Tab haikubaliki, na mistari ya ngazi moja ilingane. Chini ya jina la kadi ya mtandao, ingiza ndani kidogo uandike optional: true. Hapo mashine itawaka bila kuisubiri kadi hiyo. Hifadhi, toka kwenye nano, kisha andika netplan generate. Ikinyamaza, uandishi hauna kosa. Zima, uwashe tena.

Siku nyingine ukigusa mtandao, tumia amri ya netplan try. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, hurudisha mipangilio ya zamani yenyewe.