Kabla hujachimba logi za seva

Malalamiko huja kwa saa zetu: "Mfumo uligoma jana saa mbili usiku." Ukikimbilia kutafuta 02:00 kwenye logi (kumbukumbu za matukio ambazo seva hujiandikia), umeshapotea. Saa mbili usiku ni 20:00, na seva nyingi za kukodi hufuata UTC, saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mistari unayoitaka imeandikwa 17:00. Kwa hiyo anza na `timedatectl`, uone seva inafuata saa za wapi. Makosa mengi ya "logi haina kitu" yanaanzia hapo.

Pili, ruhusa. Kwenye Linux ya Ubuntu, `/var/log/syslog` na `auth.log` husomwa na root (msimamizi mkuu) pamoja na kundi la watumiaji la adm. Amri `id` itakuambia kama umo. Kwenye jamii ya Red Hat mafaili hayo huitwa `messages` na `secure`, nayo yanataka `sudo` (kuendesha amri kwa mamlaka ya root). Debian 12 haiweki yenyewe rsyslog, programu inayoandika faili la `syslog`, hivyo usishangae ukikuta `syslog` haipo. Huko utatumia `journalctl --since "2025-03-14 17:00" --until "2025-03-14 17:30"`, ila andika tarehe pande zote mbili: saa tupu huhesabiwa kuwa ya leo.

Pima faili kabla ya kulifungua: `ls -lh /var/log`. Faili la GB 6 ukilifungua kwa kihariri cha nano utaibana RAM ya seva ambayo huenda tayari inahema, na `cat` itakumwagia mistari mpaka uchoke. Tumia `less -nS`: haipakii faili zima, -n inaizuia kuhesabu mistari, na -S inazuia mistari mirefu isijikunje.

Tukio la juzi huenda halimo tena kwenye faili la leo. Logrotate, programu ya kupokezanisha mafaili ya logi, hulibadilisha jina likawa `syslog.1`, kisha hulibana na kuwa `syslog.2.gz`. Hayo yaliyobanwa huna haja ya kuyafungua. Amri `zgrep` inayasoma yalivyo. Ndiyo sababu pia ukitaka kufuatilia logi ikiandikwa, tumia `tail -F`, si `-f`. Herufi ndogo hung'ang'ania faili la zamani hata likishabadilishwa jina, na wewe unakaa ukitazama skrini iliyonyamaza ukidhani mambo shwari.

Sasa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Nukta kwake ni herufi yoyote ile. Ukitafuta anwani, andika `grep -Fw 10.0.0.5 access.log`; -F huichukua nukta kama nukta, na bila -w utaletewa 10.0.0.50 na 110.0.0.5 pia. Ongeza `-C 3` uone mistari 3 ya kabla na 3 ya baada, maana chanzo cha kosa mara nyingi kiko juu ya mstari wenye neno "error". Ukiiweka grep katikati ya mnyororo, nyuma ya `tail -F` na mbele ya amri nyingine, ipe `--line-buffered`, la sivyo hurundika matokeo na kuyaachia kwa mafungu.

Matokeo yapeleke `/tmp`, na utazame mara mbili alama ya `>`, inayoelekeza matokeo kwenye faili, kabla ya kubonyeza Enter: ikielekea kwenye logi yenyewe, yaliyomo kwenye faili yanafutwa papo hapo, hata kabla grep haijasoma mstari mmoja.