Namna ya kuchagua kisu cha kukatia nyama choma

Nachoma mbuzi na ng'ombe hapa Nyakato, Mwanza. Wateja wengi huniuliza naweka viungo gani. Naweka chumvi, na ndimu wakati wa kula, basi. Laiti wangeniuliza kuhusu kisu, maana nyama iliyokaa juu ya mkaa saa nzima kwa uangalifu inaweza kuharibika kwenye kibao kwa dakika mbili.

Nilipokuwa mgeni kazini, mama mmoja alirudisha sinia. "Mwanangu, nyama hii imenishinda." Mzee aliyekuwa ananifundisha hakubishana naye. Alichukua nusu ya kipande kilekile iliyokuwa imebaki pembeni ya jiko, akaigeuza kwenye kibao mpaka akaona nyuzi zimelalia wapi, akatoa kisu chake kirefu chenye mpini mweupe, akavuta mara moja. Akavuta tena. Vipande vikalala vyembamba, vinang'aa, na kibao kikabaki na unyevu kidogo tu. Kibao changu kilikuwa kimelowa mchuzi wote. Ng'ombe mmoja, moto mmoja, chumvi moja. Mama alikula hadi kipande cha mwisho.

Ng'ombe wetu wa Usukuma hutembea sana kutafuta majani na maji, kwa hiyo nyama yake ina ladha nzuri na nyuzi zilizokaza. Kisu butu hakizikati nyuzi hizo, kinazikandamiza, na maji ya nyama yanakimbia. Ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Jua unataka kisu cha kazi gani

Kisu cha kukatia nyama iliyoiva si kile cha buchani. Cha buchani ni kizito, kinapasua mfupa. Wala si kile cha kutolea minofu ya sangara, ambacho ni chembamba na hupinda kirahisi ili kifuate mfupa wa samaki. Hapa Mwanza visu vya samaki vinapatikana kwa urahisi, na watu wengi huvipeleka kwenye nyama. Ukikata paja la mbuzi kwa kisu kinachopinda, mkato unakwenda upogo, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba.

Tafuta bapa refu, la sentimita 25 hivi, yaani inchi 10. Urefu una maana yake: kipande kikatike kwa mvuto mmoja. Kisu kifupi kinakulazimisha kwenda mbele na kurudi kama msumeno, na kila ukirudi unachana nyuzi. Kama unachomea familia tu nyumbani, inchi 8 inatosha.

Kisu cha meno, kile cha mkate, kiache. Mwanzoni kinakata vizuri, lakini kikiisha makali huwezi kukirudisha kwa kinoo cha kawaida.

Hatua ya 2: Nenda dukani na sumaku

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Iguse kwenye bapa. Isiponata kabisa, rudisha kisu. Chuma cha pua kinachotumika kutengeneza vijiko na sufuria mara nyingi hakivutwi na sumaku, na aina hiyo haiwezi kukazwa kwa moto ikashika makali. Chuma cha pua cha visu kinavutwa. Sumaku ikinata haimaanishi kisu ni bora, ila angalau umekwepa kijiko kilichochongwa kama kisu.

Kuna pia chuma cha kaboni, kisicho cha pua. Kinanoleka vizuri sana, kinakuwa kikali kupita kiasi. Lakini sisi tunakata nyama yenye chumvi, tunakamua ndimu palepale, na unyevu wa ziwa upo mwaka mzima. Usipokifuta papo hapo kinashika madoa na kutu. Kwa kazi ya jikoni kwetu nachagua chuma cha pua. Kinachokilinda ni kromi, ambayo huwa ni kuanzia asilimia 10.5 ya chuma chenyewe.

Usidanganywe na ugumu. Visu vya Kijapani vyenye chuma kigumu mno hukata kama wembe, lakini makali yake humeguka yakigonga mfupa, na mbuzi ni mifupa. Chuma cha ugumu wa wastani, kama cha Victorinox wa Uswisi au Tramontina wa Brazili, kinaisha makali mapema zaidi lakini kinarudi upesi kwenye kinoo. Kwangu mimi hicho ndicho bora.

Hatua ya 3: Kikague kwa macho na kwa mkono

Kiinue usawa wa jicho, ukitazame kuanzia mpini hadi ncha kama fundi seremala anavyotazama ubao. Kikipinda, kirudishe.

Kisha angalia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini. Kwenye mpini wa mbao utauona ukipita katikati hadi mwisho, umebanwa kwa ribiti mbili au tatu. Pitisha ukucha pale chuma kinapokutana na mbao. Ukucha ukizama, mafuta nayo yatazama, na baada ya miezi kadhaa pananuka na mpini unacheza. Mimi natumia mpini wa plastiki uliomiminiwa moja kwa moja kwenye chuma, hauna mwanya.

Mwombe muuzaji akuruhusu ulowanishe mkono. Shika kisu kwa mkono uliolowa, kaza. Kikiteleza kwa maji, kwa mafuta ya mbavu kitakukata.

Hatua ya 4: Kijaribu

Nyanya mbivu moja inatosha. Laza makali juu yake, vuta bila kukandamiza. Kisu kipya kizuri kinaingia kwenye ganda. Kisipoingia, huenda hakijanolewa tu, kwa hiyo usikikatae kwa hilo peke yake kama hatua mbili zilizopita kimezishinda.

Hatua ya 5: Kinoe mwenyewe

Nimepoteza kisu kizuri kwa kukipeleka kwa mtu wa mashine ya kusaga vyuma, kando ya barabara. Kilirudi kinametameta, lakini ukingoni kulikuwa na mstari wa rangi ya bluu. Rangi hiyo inatokana na joto: chuma kimeungua na ukakamavu wake umeondoka. Kikawa kinaisha makali kila baada ya mbuzi mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, usilaze kisu juu ya wavu wa jiko hata kwa sekunde chache.

Na miamba yetu ya Mwanza, iachie panga. Inakwaruza mno kwa kisu chembamba.

Nunua kinoo chenye pande mbili, kali na laini. Kilowanishe kama aina yake inataka maji. Kisu chenye upana wa sentimita 3, inua mgongo wake sentimita 1 kutoka kwenye kinoo. Hapo umepata pembe ya karibu nyuzi 20 (digrii), inayofaa nyama. Sukuma kwa mwendo mmoja, kuanzia mpini hadi ncha, bila kubadilisha pembe. Endelea mpaka ukipapasa upande wa pili usikie kama kinywele cha chuma kinakwaruza kidole. Geuza. Malizia upande laini, mikono myepesi. Ukikosa kinoo, kitako cha kikombe cha kauri, ile duara isiyong'aa, kinasogeza siku.

Hatua ya 6: Mkato wa kwanza

Toa nyama jikoni, iache itulie dakika 5 hadi 10. Wateja watakuhimiza, waombe radhi, wape kachumbari na ndizi kwanza. Tafuta nyuzi zimelalia wapi, kata kwa kuzikingama. Weka kisigino cha kisu juu ya nyama, vuta kuelekea kwako mpaka ncha itoke. Mbavu zitenganishe kwa kupita katikati ya mifupa, usiipige.

Kisu hiki kisiguse nyama mbichi. Iwe na chake. Ukimaliza, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kifute, ukivike ala ya boksi gumu ulilolikunja na kulifunga gundi ya karatasi. Changu hulala juu ya rafu, mbali na mikono ya watoto.