Kusuka hadithi ya mawasiliano kati ya nyakati mbili bila ukinzani

Chukua mfano huu. Alfajiri ya Mei 20, 2024, binti aliyeko Mwanza anampata baba yake kwenye redio ya upepo. Baba yuko Bukoba, Mei 20, 1996, na jioni atapanda MV Bukoba, meli iliyozama asubuhi iliyofuata ikikaribia Mwanza. Binti anamwambia asipande. Baba akitii, anapona; akipona, binti hana sababu ya kumwonya, na onyo halitumwi. Msuko umejifunga fundo.

Kabla ya sura ya kwanza, amua sheria ya wakati. Zinazoshika ni mbili. Katika mkondo mmoja, kama alivyopendekeza mwanafizikia Igor Novikov miaka ya 1980, yaliyotokea yametokea, na ujumbe ulikuwa sehemu yake tangu mwanzo. Katika matawi, wazo lenye mizizi kwa mwanafizikia Hugh Everett (1957), onyo linazaa ulimwengu wa pili: kule baba anapona, huku aliyemwonya anabaki yatima. Usizichanganye. Hadithi nyingi huharibikia mwishoni, mwandishi wa mkondo mmoja anapomhurumia mhusika na kumfungulia tawi.

Tunapendekeza mkondo mmoja, maana ndio unaodai kazi. Siri yake ni kutenganisha lililotokea na lile ambalo watu wanaamini lilitokea. Orodha ya abiria wa MV Bukoba ilihusu daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Basi binti anajua nini hasa? Kwamba baba aliaga akisema anapanda meli, hakurudi, na mwili haukuonekana. Baba anaweza kutii na kubaki nchi kavu bila kubadilisha hata jambo moja kati ya hayo. Ila sasa una deni: kwa nini amenyamaza miaka 28? Jibu hilo ndilo hadithi yenyewe. Ukilikosa, geuza: baba alikuwa amekata tiketi ya basi, mawimbi yakakatika, akasikia “meli” na “Mwanza” tu, akadhani anaitwa haraka, akapanda meli.

Kisha chombo, yaani redio. Kisipokuwa na mipaka, msomaji atauliza mbona binti asipige tena kwa jana ya baba. Weka pengo la miaka 28 kamili, saa za pande zote mbili zikitembea pamoja: dakika moja huku, dakika moja kule, na iliyopita haipigiwi tena. Kalenda za 1996 na 2024 zinalingana siku kwa siku (Mei 20 ilikuwa Jumatatu miaka yote miwili), kwa hiyo moja inakutosha ukutani. Ongeza kikomo cha muda: dakika tatu kila alfajiri.

Chora jedwali la safu nne: namba ya ujumbe, ulipotumwa, ulipopokelewa, na nani anajua nini baada yake. Ukigusa mstari mmoja, soma upya yote yaliyo chini.

Jedwali hilo hilo linakamata habari isiyo na chanzo. Binti akimwimbia baba wimbo aliofundishwa na baba, ambaye naye aliusikia redioni kwa binti, nani aliutunga? Fuata kila habari kinyumenyume hadi kwa aliyeianzisha. Ikizunguka, mwingize mtu wa tatu: bibi aliimba wimbo huo baba akiwa mtoto, baba akausahau hadi alfajiri ile.