Usinunue Tiketi ya Kurudi Kwanza: Operesheni ya Gegedu la Goti Ukija Nairobi

Mimi nilikuja Nairobi kwa operesheni ya goti na tiketi ya wiki tatu. Livu ya kazini ilikuwa wiki tatu, hesabu nilipiga vizuri kabisa, wiki ya kwanza daktari na operesheni, wiki mbili za kuchechemea kwa dadangu Donholm nikila chapati, alafu narudi Leeds, Uingereza, mtu mpya. Nikatoka theta nimevalishwa bresi, lile bamba la vyuma na velkro, kutoka juu ya paja hadi karibu na kifundo, na daktari amesimama hapo anatabasamu ananiambia, "Habari njema, tumeweza kuishona!" Nikamuuliza kwani ilikuwa ifanywe nini. Akaniambia magongo wiki sita.

Sitamlaumu sana. Fomu niliyosaini ilikuwa na mstari mmoja unaosema "kukata au kushona kulingana na hali" na mimi nilisaini huku najibu meseji. Lakini hakuna mtu alikuwa amenikalisha chini akaniambia hizo ni operesheni mbili tofauti na kila moja iko na kalenda yake, kwa hivo wewe nakuambia mimi.

Ndani ya goti kuna vitu viwili ambavyo sisi wote tunaviita gegedu. Cha kwanza ni gegedu lenyewe linalofunika ncha ya mfupa, ukishamaliza nyama ya paja la kuku ukaona ile sehemu nyeupe inayong'aa na kuteleza, ndiyo hiyo. Cha pili ni menisikasi, ziko mbili kila goti, zimekaa kama herufi C kati ya mfupa wa paja na muundi, kazi yake ni kubeba uzito na kupunguza mshtuko. Ukisikia mtu aliteguka akicheza mpira na goti likajifunga halinyooki, mara nyingi ni menisikasi imechanika kipande kikakwama katikati. Yangu ilichanika nikishuka kwa gari la kazi na boksi mkononi, hata mpira sikucheza, aibu tupu.

Sasa mbona daktari hawezi kukuambia mapema atakata au atashona? Ni mambo ya damu. Ukingo wa nje wa menisikasi unapata damu, kwa hivo ukishonwa unaweza kuungana. Sehemu ya ndani haina damu, hapo kidonda hakiponi vizuri, mara nyingi kile kipande kinachoning'inia kinakatwa tu na kutolewa. MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inampa picha nzuri lakini uamuzi wa mwisho anaufanya akiwa ndani na kamera. Muulize hivi kabla ya kusaini: "Ukikuta inashoneka, utashona? Na ukishona nitakaa na magongo siku ngapi?" Alafu panga livu yako kwa lile jibu refu.

Kalenda zenyewe kwa kawaida ziko hivi, ingawa kila daktari ana zake. Ukikatwa, unakanyaga siku hiyo hiyo au baada ya siku chache, kazi ya kukaa ofisini unarudi baada ya wiki moja au mbili, kazi ya kusimama na kubeba (wale wa kea na wa wearhausi mnanielewa) ni wiki 4 hadi 6. Ukishonwa ni magongo wiki 4 hadi 6, kukunja goti usipite nyuzi 90, kuchuchumaa sahau kwa miezi kama minne, mpira miezi 4 hadi 6. Kama shida ni lile gegedu la kwenye mfupa wenyewe, kuna kutoboa vishimo vidogo mfupani ili uboho utoke utengeneze kiraka, na kiraka ni kiraka, si kama gegedu la asili. Hiyo inaweza kuwa magongo wiki 6 hadi 8 bila kukanyagia kabisa. Halafu kuna kupanda seli, walioitangaza ni madaktari wa Uswidi mwaka 1994, wanachukua gegedu kidogo kwako, wanakuza seli maabara, wanakufungua tena kuzirudisha. Kama ndiyo umeandikiwa huko uliko, usikimbilie kuihamishia nyumbani kwa sababu ya bei bila kuuliza sana, manake hizo ni operesheni mbili na maabara katikati.

Kabla ya kuja, beba picha za MRI zenyewe kwa CD au fleshi, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi, mimi MRI niliirudia nikalipa mara mbili. Jina la daktari litafute kwa rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari la Kenya, mtandaoni, ni dakika mbili tu. Bei omba kwa maandishi na uulize nini hakimo, kwa sababu mara nyingi daktari wa upasuaji, daktari wa nusu kaputi na hospitali kila mmoja ana bili yake, na vile vifaa vya kushonea ndani ya goti na bresi vinakuja baadaye kama wageni wasioalikwa. Bima nyingi za safari hazilipi operesheni uliyopanga mwenyewe. Na ile kadi ya NHIF, bima ya afya ya serikali, uliyoacha kwa droo ya mama haina kazi tena, SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024.

Siku yenyewe kusema ukweli ni ndogo kuliko woga wake. Hauli kuanzia usiku, unapigwa sindano ya mgongo au unalazwa usingizi kabisa, goti linajazwa maji ya chumvi ndio lipanuke, kamera nyembamba kama majani ya kunywea soda inaingia tundu moja na vyombo tundu lingine. Kama saa moja hivi, na wengi wanarudi nyumbani jioni. Uber panda kiti cha nyuma, ukae kando mguu umenyooka juu ya kiti chote. Matatu wacha.

Shida ilianza nyumbani. Dadangu anakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa amenifunza kanuni moja nikaiimba kama wimbo, mguu mzima unapanda kwanza, mgonjwa unashuka kwanza, na magongo yanafuatana na mgonjwa. Ngazi 64. Nazijua kwa idadi. Kama una jamaa anakaa chini hata kama hampatani, nenda kwake.

Halafu watu. Shangazi alikuja kutoka Murang'a na mama mmoja anayekanda, nia ni nzuri kabisa, mafuta ya moto kwa chupa. Hapa uwe mkali hata kama utaonekana umeharibiwa na ulaya. Baada ya operesheni ya mguu damu inaweza kuganda kwa mshipa wa shavu la mguu, na ukikandwa lile bonge la damu linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa la moto na linauma, unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikuume, unaenda sasa hivi, usingoje asubuhi. Homa, usaha au goti kuwa jekundu na kuzidi kuuma kila siku, hiyo pia ni simu kwa daktari. Lakini kuvimba tu kama boga siku za kwanza usishtuke, barafu dakika 15 hadi 20 juu ya kitambaa, mimi nilitumia pakiti ya minji iliyogandishwa, na baada ya wiki mbili hakuna mtu alikubali ipikwe.

Upande mwingine kuna wale wa "lala tu, usiguse huo mguu". Hao nao watakuumiza. Misuli ya paja inaisha haraka kuliko unavyodhani, kijana wa dadangu alikuwa ananipima na tepu ya fundi nguo, wiki ya pili paja lilikuwa limepungua sentimita tatu. Kwa hivo kuanzia siku ya kwanza unakaza paja unahesabu hadi tano, unaachilia, unachezesha kifundo juu chini. Fizio akikuruhusu kukunja, chukua leso, izungushe chini ya wayo, shika ncha mbili uvute kisigino polepole kuja kwako juu ya godoro. Asubuhi linagoma kama mlango wenye kutu, mchana linalegea. Niligundua ukingojea dawa ya maumivu ifanye kazi kama nusu saa hivi ndio uanze, unafika mbali zaidi.

Safari ya ndege usiamue wewe. Nairobi kwenda London ni kama saa 9, na kukaa zaidi ya saa 4 bila kutembea peke yake inaongeza hatari ya damu kuganda hata kwa mtu mzima, sembuse wewe. Muulize daktari tarehe, muulize kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na upate barua. Wheelchair itisha kwa ndege angalau saa 48 mapema. Na usilipie kiti cha mlango wa dharura ukidhani utanyoosha mguu, mwenye magongo haruhusiwi kukaa hapo. Beba ripoti ya operesheni na ratiba ya fizio, kwa sababu fizio wa huko hatakukunja goti bila kujua nini kilishonwa. Mimi kubadilisha tiketi kulinigharimu karibu nusu ya tiketi nyingine.

La mwisho ni kwa wale wanaotumiwa bili na si goti lao. Mama ana miaka 65, goti linauma akipanda ngazi, mtu amemwambia "lioshwe", yaani liingizwe kamera lisafishwe ndani, na wewe uko Minnesota unaulizwa pesa. Ngoja kidogo. Ufini mwaka 2013 walichukua watu 146 wenye menisikasi iliyochanika kwa kuchakaa, nusu wakakatwa kweli, nusu wakafanyiwa operesheni ya kuigiza bila menisikasi kukatwa, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti kati yao. Mwaka 2017 jopo la BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, likasema wazi goti lililochakaa lisiingizwe kamera. Kwa hivo muulize daktari wake, ni kuchanika kwa kuumia au ni kuchakaa? Kama ni kuchakaa, hizo pesa mtumie za fizio miezi mitatu, kiti kirefu cha jikoni na choo cha kukaa. Mamangu choo alikataa wiki mbili, akisema ni cha wagonjwa, sasa majirani wanakuja kukiomba.