Ukinunua shokapu anza na chesi namba, sio jina la gari

Nimejifunza hii juzi baada ya kufunga shokapu mpya na gari ikakaa imenyanyuka mbele kama boti. Usimwambie muuza spea jina la gari na mwaka tu, mpe chesi namba nzima, yaani ile namba ya utambulisho wa gari lenyewe, halafu namba ya shokapu atakayokupa ilinganishe na ile iliyogongwa au kubandikwa kwenye shokapu ya zamani kabla fundi hajaitupa. Sababu ni kwamba gari za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na shokapu na springi tofauti kabisa, ya fo wili (inayovuta kwa magurudumu yote manne) ina zake na ya tu wili (inayovuta kwa mawili) ina zake, yenye injini nzito inabebwa na springi ngumu zaidi, na kwa macho dukani zote zinafanana tu, unakuja kugundua barabarani gari inadundadunda au springi haikai vizuri kwenye kikombe chake pale kwenye shokapu. Na nunua mbili, kulia na kushoto za ekseli moja, maana moja mpya na moja iliyochoka zinafanya gari isitulie ukifunga breki au ukikata kona.

Inapogoma: kama gari ilishanyanyuliwa au kushushwa, chesi namba itakuletea saizi ya kiwandani na haitaendana na springi ulizonazo. Hata namba ya shokapu ya zamani inadanganya kama waliotangulia walifunga isiyo yake, kwa hiyo namba mbili zisipokubaliana usilipe kwanza, pima urefu na matundu ya bolti.