Somo: Jua kama mti wako unajipikia mbolea wenyewe

Wadau habari zenu, niko Kabale, Uganda, mvua inanyesha na huu ndio wakati wa somo hili, maana kiangazi vinundu, vile vivimbe vidogo vya kwenye mizizi, vinadondoka ukichimba hutaona kitu afu useme nimekudanganya.

Kwa kifupi, hewa tunayovuta 78% ni naitrojeni ila mti hauwezi kuila hivyohivyo, unahitaji mpishi. Wapishi ni bakteria wanaoishi ndani ya mizizi, kwenye hivyo vinundu, mti unawapa sukari wao wanaupa naitrojeni iliyoiva. Kaliandra, lusina na mugavu, miti ya ukoo wa kunde, wapishi wao wanaitwa rhizobia. Alnasi, ile miti iliyojaa kwenye matuta huku kwetu, pamoja na mvinje, wao wana Frankia, ukoo mwingine kabisa.

Hatua ya 1: tafuta mche au mti mdogo, mkubwa utachimba mpaka jioni.

Hatua ya 2: chimba pembeni taratibu, usivute! Ukivuta vinundu vinabaki ardhini. Osha mizizi kwenye beseni.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Chukua kinundu cha kaliandra ukipasue kwa wembe. Ndani pakiwa pekundu au waridi, kazi inaendelea. Peupe, bado hakijakomaa au bakteria waliomo ni wavivu. Kijani au kahawia, kimezeeka. Ule wekundu ni kitu cha ukoo wa damu yetu, kazi yake kuishika oksijeni isifike kwa bakteria kwa wingi, maana oksijeni ikizidi inaua kile kimeng'enya kinachopika. Siku ya kwanza nimepasua mke wangu akauliza umechinja nini hapo. Alnasi usitafute wekundu, vinundu vyake ni vigumu kama mti, vimebanana kama tangawizi ndogo, na vinaishi miaka.

Hatua ya 4: kama kitaluni hakuna kitu, nenda chini ya mti mkubwa wa aina ileile wenye afya, chota udongo wa juu, changanya kidogo kwenye udongo wa viriba. Wa kaliandra kwa kaliandra, usipeleke wa alnasi. Kwa alnasi, watu wengine wanaponda vinundu vyake vibichi kwenye maji wanamwagilia miche.

MASWALI

Swali: Mwalimu, grivelia yangu nimechimba mpaka nimechoka, hamna kinundu hata kimoja.
Jibu: Pole kaka, grivelia haimo kwenye hii timu, ni ya mbao na kuni. Na ile sena ya maua ya njano, iko ukoo wa kunde lakini haitoi vinundu, watu wengi inawadanganya, tena kule msitu wa Budongo imeshakuwa usumbufu mtupu.

Swali: Nimesikia kuna miti bakteria wako kwenye matawi bila kinundu chochote, ni kweli au stori?
Jibu: Ni kweli dada. Marekani kuna miti inaitwa popla, ile ya mwitu, inaota kwenye kokoto za mto Snoqualmie, pale udongo hamna kabisa. Sharon Doty wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitoa utafiti mwaka 2016, walipima vipande vya matawi kwa naitrojeni nzito, ile inayoweza kufuatiliwa kwa vipimo, wakakuta inanaswa humohumo ndani, ila tawi na tawi hazilingani. Mimi naipenda hiyo habari, lakini kuna jamaa alishaniuzia kichupa cha "bakteria wa miti yote", nikamwagilia miche 200 sikuona tofauti yoyote. Mnunue kwa akili.

Swali: Mzee nikiweka urea kidogo ili miche ikimbie?
Jibu: Itakimbia, lakini mti ukishaona chakula kimeletwa mezani unaacha kuwalisha wapishi, vinundu vinapungua. Mara nyingi kinachokosekana ni fosforasi, weka samadi iliyooza kidogo kwenye kiriba, subiri wiki kama 8 hivi, afu pasua kinundu utuambie rangi.